Mbwa, Kasuku na Heshima ya Ukwe

Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu ana uzito wa gramu 400 hivi. Mbwa mdogo wa kwetu Maniema, yule mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja mgongoni, anafika kilo 10. Ukipiga hesabu hiyo peke yake utamwonea huruma kasuku. Lakini ingia katika lupango ambamo wawili hao wanaishi pamoja, Kasongo mjini au njia yote ya kwenda Kabambare, uliza nani ana kovu puani. Mara nyingi ni mbwa. Mdomo unaopasua kokwa ya ngazi, tunda la mchikichi, hauna shida na pua ya mbwa. Na bado, siku wote wawili wakikasirika kweli, atakayezikwa nyuma ya jiko ni kasuku. Mwongozo huu umeandikwa ili siku hiyo isifike.

Kanuni kuu ni moja, na ukiishika hiyo hata ukasahau nyingine zote, utakuwa umeokoa roho. Mbwa na kasuku wakae kama mtu na mama mkwe wake. Mwenye adabu haingii chumbani kwa mkwe, hali naye sahani moja, hamgusi, wala hawaachwi wawili peke yao nyumbani wengine wakienda sokoni. Wanasalimiana kwa mbali, kila mmoja anajua mwenzake yupo, na heshima inadumu miaka. Watu wengi wanaanza vibaya kwa sababu wanatafuta urafiki. Wanataka picha ya kasuku aliyepanda mgongoni kwa mbwa, waitume kwa ndugu walioko Goma na Lubumbashi. Picha inapendeza, nakubali. Lakini mbwa akigeuka ghafla kumfukuza inzi, meno yake yamekwisha kupita shingoni mwa ndege bila ubaya wowote moyoni mwake. Tafuta heshima kwanza. Urafiki ukija, karibu. Usipokuja, hakuna aliyekufa.

Lazima umjue mbwa wako ni nani. Huyu mbwa mdogo wa Kongo, ambaye Wazungu wanamwita basenji, ni mwindaji tangu mababu. Waingereza waliwaonyesha wa kwanza kwenye maonyesho ya Crufts mwaka 1895, na mbwa hao wakafa muda mfupi baadaye kwa maradhi ya mbwa ya huko. Leo Ulaya na Marekani anaandikiwa vitabu vya ukoo, na huku kwetu bado analala kando ya mafiga. Habweki kama mbwa wengine. Akifurahi anatoa sauti ndefu ya kuimba, akikasirika ananguruma, na muda mwingine wote ananyamaza. Anaruka juu, anapanda ua, anapanda hata mti ulioinama. Na kitu chochote kidogo kinachopiga mabawa karibu na ardhi, kwake yeye ni kanga. Usimlaumu. Alizaliwa kwa kazi hiyo, na babu yako alimpenda kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo kosa la kwanza la kuondoa ni lile tunalolifanya karibu sote: kumkata kasuku mabawa kisha kumwacha atembee chini pamoja na kuku. Ndege wengi wanaofika majumbani wametoka kwa mtegaji tayari wamekatwa manyoya makubwa ya bawa. Mwenye nyumba anamweka kwenye kijiti mlangoni mwa jiko, ndege anaanguka, anatembea kwa kuyumba huku akipapatika. Huo mwendo wenyewe unamwita mbwa. Manyoya yaliyokatwa huota tena ndege anapobadilisha manyoya, basi yaache yaote. Kasuku anayeweza kuruka hadi juu ya kabati ana mlango wa dharura, aliyekatwa hana. Wala usimfunge kamba mguuni. Akishtuka na kuruka, mguu unavunjika, na aliyening'inia kwa kamba ni rahisi kumfikia kuliko hata anayetembea.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui, na linaloua hata meno yenyewe yasipoua. Mdomoni mwa mbwa mzima, mwenye afya, mna bakteria inayoitwa Pasteurella. Mbwa haimdhuru. Ikiingia ndani ya damu ya ndege kupitia mkwaruzo mdogo wa jino, inaweza kumwua katika siku moja au mbili. Ndiyo maana mtu anasema, "Mbwa alimgusa tu, hakumwuma, na asubuhi tukamkuta amekufa." Kumgusa kulitosha. Ikitokea, usingoje kuona kidonda kinavimba: mshike kwa kitambaa, safisha mahali palipochubuka kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, mweke ndani ya kikapu chenye giza na joto mbali na kelele, na siku hiyohiyo mtafute mtu wa mifugo kwenye makao ya teritwari, kwa sababu dawa ya kuua bakteria inasaidia ikianza mapema, saa chache tu baada ya jino. Anayeishi mbali, ndani kabisa ya Kabambare, kwenye njia ambazo pikipiki hazipiti mvua ikinyesha, ajue kwamba dawa yake ni ukuta na mlango. Mate ya mbwa yasimfikie ndege kwa njia nyingine yoyote pia. Bakuli la maji ni la kila mmoja, na mbwa asimrambe ndege hata kwa mapenzi.

Tundu lijengwe kwa chuma. Mianzi kasuku anaitafuna, na siku anayomaliza kuitafuna ndiyo siku ambayo hakuna mtu nyumbani. Fundi wa kuchomelea vyuma anaweza kukutengenezea tundu la nondo nyembamba. Mwambie nafasi kati ya nondo isizidi sentimita 2, na nondo zisiwe zimepakwa zinki, kwa kuwa kasuku huzitafuna na zinki ni sumu kwake. Liweke juu ya meza, kimo cha kifua cha mtu mzima, upande mmoja ukielekea ukuta bila kuugusa ili ndege awe na mahali pa kugeuzia mgongo. Chini yake pasiwe na benchi, kinu wala gunia la mpunga, maana mbwa huyu anavitumia kama ngazi za kupandia. Kasuku ana tabia ya kushika nondo kwa vidole na kulala hapo. Mbwa akifika, vidole ndivyo vinavyokwenda. Jikoni tundu lisikae kabisa. Moshi wa kuni na wa makala unayaumiza mapafu ya ndege haraka kuliko yetu, na jikoni ndipo mbwa anapongojea mfupa.

Halafu kengele. Wawindaji wetu humvisha mbwa kengele ya mti shingoni, kwa kuwa mbwa asiyebweka akiingia kichakani hakuna anayejua yuko wapi. Chombo hicho cha porini kifanye kazi nyumbani pia. Mbwa mwenye kengele hawezi kumnyemelea ndege, na wewe ukiwa unasonga bugali nyuma unasikia kama anapita ukumbini au amesimama mahali ambapo hakupaswa kusimama. Ukimya wa kengele nao ni habari: nenda ukaangalie. Onyo ni kwamba kasuku atajifunza mlio huo. Atakuita kutoka jikoni kwa kengele ya mbwa ambaye muda wote amelala mwembeni. Nenda hivyohivyo.

Hapo tunafika kwenye shida ya sauti, na hapa mwenye nyumba anahitaji akili kuliko nguvu. Kasuku wa kijivu si kinasa sauti tu. Mtafiti Irene Pepperberg wa Marekani alimnunua kasuku mmoja dukani Chicago mwaka 1977, akamwita Alex, akamfundisha kwa miaka 30 hadi ndege huyo alipokufa mwaka 2007. Alex alijua majina ya vitu zaidi ya 50, alitofautisha rangi 7, na kuhesabu alifika 6. Ndege wa aina hiyohiyo yuko barazani kwako hana kazi, na kazi anayoipata ni kumwita mbwa. Anamwita kwa sauti yako, mbwa anakuja mbio, hakuti mtu, anarudi. Anamwita tena. Baada ya juma moja mbwa ametambua nani anamchezea, na hasira ya mbwa aliyedanganywa mara nyingi ni hasira ya kweli.

Dawa ni ishara ya mkono. Mfundishe mbwa kuja, kukaa na kuondoka kwa mkono pekee, bila neno. Kasuku ana ulimi wa kila kitu lakini hana mkono. Fundisha kwa ndakala, wale samaki wadogo wakavu: mbwa akimtazama ndege kisha akakugeukia wewe, apate ndakala mmoja papo hapo. Akimkazia macho ndege, mwili umekakamaa na masikio yameelekea mbele, mwondoe bila kelele kabla hajaruka. Anza akiwa mtoto, kabla hajatimiza miezi mitatu, aone ndege ndani ya tundu kila siku mpaka amchoke. Mbwa mzima ambaye tayari anakwenda porini na wawindaji na kurudi na kanga mdomoni, huyo usijaribu. Afungwe lupango mwingine, kwa shangazi au kwa kaka, na amani iwe kwa wote.

Na jina la mbwa lichaguliwe kwa busara. Sisi tuna desturi ya kumpa mbwa jina la kumpelekea jirani ujumbe: Wenye-Wivu, Mtasema-Sana, Muniache. Ni desturi nzuri ukiwa na mbwa peke yake, kwani unamwita jioni mara moja na ujumbe unafika. Ukiwa na kasuku, ujumbe utatangazwa alfajiri, saa sita na magharibi, kwa sauti yako kamili, hata siku ile jirani amekuletea wali wa sadaka. Mwite mbwa Simba.

Hayo ni ya kasuku msemaji. Aliyetoka msituni karibuni hasemi kitu. Akikaribiwa ananguruma kwa woga, na mbwa akisikia ngurumo anafikiri ni mwaliko wa kupigana. Ndege wa namna hiyo apewe chumba kingine, kitambaa juu ya nusu ya tundu, na watoto wasimzunguke. Kumzoea mtu kunamchukua miezi. Asikutane na mbwa hata kwa macho kabla hajakubali kupokea karanga mkononi mwako.

Kuhusu chakula nina furaha kusema kwamba Maniema inatutosha. Ngazi ndiyo zawadi kubwa kwa kasuku, kwani huko msituni ndizo anazozifuata, na zile nyekundu zina vitamini A ambayo ndege wanaolishwa mahindi makavu peke yake huikosa. Ongeza papai, ndizi, mahindi mabichi, na jua la asubuhi. Karanga ziwe safi. Zilizoota ukungu zinamwua. Parachichi, ambazo zimejaa kila lupango, ni sumu kwake. Chumvi, kahawa na chokoleti vilevile hapana. Na wale wanaume wanaompa kasuku pombe ya lutuku kwenye kifuniko cha chupa ili wacheke akipepesuka, wanamwua ndege wa watu kwa mzaha. Waambiwe hivyo usoni.

Tatizo ni kwamba kasuku hula robo na kutupa robo tatu, na mbwa anakaa chini ya tundu akipokea. Kokwa ngumu za ngazi zikimezwa zinaweza kuziba utumbo wa mbwa mdogo. Fagia mara kwa mara, na nyunyiza maji kabla ya kufagia, sababu vumbi la kinyesi kikavu cha kasuku linaweza kumletea mtu ugonjwa wa mapafu. Pilipili ndiyo siri yangu ninayoipenda. Ndege hawausikii ukali wake hata kidogo, na kasuku anaila kama tunda. Mbwa akiionja mara moja tu anaheshimu bakuli lile kwa muda mrefu. Tia pilipili nzima mbili tatu kwenye chakula cha kasuku, na ugomvi wa mezani umekwisha bila fimbo.

Usiku una maadui wake, na hapo ndipo utafurahi kuwa na wote wawili. Mbwa anawafukuza panya na fungo. Lakini siafu wakiingia nyumbani, mbwa atakimbia, watu watakimbia, na aliyefungiwa ndani ya tundu hana pa kwenda. Wanamla akiwa hai. Kila mguu wa meza ya tundu usimame ndani ya kopo lenye maji na mafuta kidogo juu yake, na ufunguo wa tundu uwe mahali ambapo hata mtoto anaujua gizani. Ukisikia kasuku anapiga kelele saa nane usiku, usimtukane. Mbwa wako ni bubu. Kengele ya hatari ya nyumba yako ni huyo.

Mchanje mbwa dhidi ya kichaa cha mbwa kila chanjo inapofika mjini. Ndege hawezi kukupa kichaa hicho, mbwa anaweza, na mbwa aliyechokozwa na mdomo wa kasuku huuma mkono wowote ulio karibu. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali, bila kusubiri kuona.

Kuna hesabu nyingine ambayo watu hawaifanyi. Mbwa akitunzwa vizuri anafika miaka 12, pengine 14. Kasuku wa kijivu anaweza kuishi miaka 40 na zaidi. Atawazika mbwa watatu wa nyumba hiyo, na ataendelea kumwita wa kwanza kwa jina, kwa sauti ya bibi ambaye naye ameshatangulia. Mwenye umri wa miaka 50 anayepokea kasuku leo aseme mbele ya ukoo nani atamrithi, kama anavyosema juu ya shamba na nyumba. Na sisi watu wa Kabambare na Kasongo tunajua neno lingine: kuna usiku ambapo bunduki zinasikika na kijiji kizima kinaondoka kwa miguu. Mbwa atafuata mwenyewe. Kasuku anahitaji kikapu chenye kifuniko, kilichozoeleka kwake, kinachoning'inia karibu na mlango. Kama hakuna anayeweza kukibeba, mlango wa tundu ufunguliwe kabla ya kuondoka. Na hapo manyoya uliyoyaacha yaote ndiyo yatakayomwokoa.

Yote niliyoyasema ni kwa ajili ya kasuku ambaye tayari yuko nyumbani. Hawa ndege wanaouzwa sokoni hawazalishwi na watu. Wanategwa kwa ulimbo kwenye matawi, mwenzao aliyefungwa akiwekwa hapo kuwaita, na wengi wanakufa ndani ya masanduku kabla hawajafika Kindu au kupakiwa kwenye eropleni. Mwaka 2016 shirika la uhifadhi la IUCN lilimtia kasuku wa kijivu katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, na mkutano wa CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka huohuo ulimpandisha kwenye ngazi ya ulinzi mkali kabisa. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya ndege waliotekwa porini imefungwa. Ghana ilipoteza asilimia 90 hadi 99 ya kasuku wake katika muda usiozidi miaka 25. Sisi bado tunao, hasa upande wa Hifadhi ya Taifa ya Lomami, iliyoanzishwa mwaka 2016 kati ya Maniema na Tshopo, na Kindu wapo watu wanaowapokea kasuku waliokamatwa kwa wafanyabiashara, wakangoja manyoya yao yaote, wakawarudisha msituni.

Basi ndugu msomaji, uliye naye mtunze mpaka mwisho, mbwa upande wake na kasuku upande wake. Lakini akisimama mtu mlangoni na kikapu kinachonguruma, akakuambia anauza kwa bei ya ujirani, usinunue hata mmoja, hata kwa kumhurumia, kwa sababu fedha yako ndiyo atakayorudi nayo msituni kununua ulimbo.